Kudhamini kuku wa mayai waliostaafu huku Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili, kuanzia hela mpaka siku kuku anakufa

Mfugaji wa kuku wa mayai kuna mahali anafika anapiga hesabu anaona kuku wanakula kuliko wanavyotaga, vifaranga wapya ameshaagiza na banda linatakiwa liwe wazi, basi wale wa zamani wanauzwa wote kwa mkupuo. Dalali anakuja na matenga yake jioni, na kesho yake wako kwenye supu Mwanjelwa kule Mbeya au Ipogolo kule Iringa. Hapo kuku ana wiki 72 mpaka 80 hivi tangu atotolewe, yaani mwaka mmoja na nusu tu. Kuku akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka mitano hata minane, ingawa hawa wa kisasa wengi hawafiki huko maana mwili umeshatumika sana kutengeneza mayai.

Kudhamini maana yake unatoa hela kila mwezi ili baadhi ya hao kuku waishie kwenye nyasi wakiparua badala ya kuishia kwenye sufuria, na mtu mwingine mwenye eneo ndio anawatunza. Wenzetu Uingereza wamezoea, kuna shirika linaitwa British Hen Welfare Trust lilianza 2005, kazi yake ni kuchukua kuku kwenye mashamba kabla hawajaenda kuchinjwa na kuwagawia watu wakafuge nyumbani. Umoja wa Ulaya wenyewe ulipiga marufuku zile keji (vizimba vya waya) za kizamani kuanzia 2012, na kwenye zile keji kuku mmoja alikuwa anapewa sentimita za mraba 550, eneo dogo kuliko karatasi ya A4. Kwetu wengi bado wanafuga chini kwenye maranda ila keji nazo zimeingia, na kuku wa keji ndio mwenye kazi kubwa zaidi ukimtoa, nitaeleza kwa nini.

Watu watakucheka, hilo ujue mapema. Mtu atakuuliza unalipia kuku mzee wa nini wakati kuna watoto hawana ada. Mjibu vyovyote unavyotaka ila usianze hii kitu kama bajeti yako ya ada haijakaa sawa, kwa sababu kuku hawa wakishatoka shambani hakuna wa kuwarudishia.

Hesabu kwanza, huruma baadaye

Kuku wa mayai anakula gramu 110 mpaka 120 kwa siku. Chukua 120, zidisha kwa siku 365, unapata kilo 43 na kitu. Kwahiyo kuku mmoja kwa mwaka mzima ni karibu mfuko mmoja wa kilo 50, basi, hiyo ndio hesabu yote ya msingi na haichakai, maana bei ikipanda wewe unauliza tu duka la vyakula vya mifugo lililo karibu na mtunzaji mfuko ni shilingi ngapi leo. Tuseme kwa mfano mfuko ni 65,000, chakula cha kuku mmoja kinakuja kama 57,000 kwa mwaka, yaani chini kidogo ya elfu tano kwa mwezi. Juu ya hapo weka chanjo, dawa ya minyoo, maranda, na akiba ya matatizo, mimi huwa nasema ongeza theluthi moja ya hela ya chakula. Usipunguze eti kwa sababu watakula nyasi na wadudu nje. Watakula ndio, ila hawa sio kienyeji, hawakulelewa kujitafutia, na baridi ya Juni na Julai huku kwetu inawafanya wale zaidi.

Hesabu hiyo hiyo inakusaidia kujua kama hela inafika. Kuku kumi wanamaliza mfuko wa kilo 50 kwa siku 40 hivi. Mtunzaji akikuomba mfuko mwingine baada ya wiki tatu kuna mdomo mwingine unakula hapo, na mara nyingi sio wizi, ni kuku wa jirani wanaingia kwenye chombo, au panya. Uliza kwa upole kabla hujaanza kulaumu.

Na wadau, ni bora kuku watano wenye hela ya mwaka mzima kuliko thelathini wenye hela ya miezi miwili. Mtu anaona huruma anakomboa tenga zima alafu mwezi wa tatu mtunzaji anapiga simu chakula kimeisha, na hapo unajua wanaenda wapi.

Kumpata mtunzaji

Hapa ndio kila kitu kinasimama au kinaanguka. Unatafuta mtu ambaye tayari anafuga kuku, ana eneo lililozungushiwa au anaweza kuzungushia, na yupo nyumbani mchana. Mara nyingi ni mama wa makamo, Inyala, Ifunda, Igurusi, huko pembeni pembeni ya mji. Nenda mwenyewe ukaone. Angalia kuku wake wa kienyeji kwanza kabla hujasikiliza maneno, maji yao yakoje, banda linanukaje ukiinama usawa wa kuku (ukiwashwa macho hapo chini, ni amonia, na wao wanaivuta usiku kucha), na jioni wanafungiwa wapi.

Vipimo ambavyo mimi navitumia nimevichukua kwenye viwango vya Ulaya kwa sababu ni rahisi kukumbuka: nje mita nne za mraba kwa kila kuku, fito ya kulalia sentimita 15 kwa kila kuku, kiota kimoja kwa kuku saba. Kuku kumi wanataka uwanja wa mita nane kwa tano, sio mkubwa, ila kama nyasi zitakwisha ugawe uwanja mara mbili wawe wanahama. Fito iwe chini, usawa wa goti au chini ya hapo, kwa sababu mifupa ya hawa ni myepesi na wakiruka kutoka juu mfupa wa kidari unavunjika.

Sasa mambo ya kukubaliana, na andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari, kila mtu abaki na yake. La kwanza kabisa ambalo watu wanaona aibu kulisema ni mgeni. Huku kwetu mkwe akija, au shemeji ametoka Dar, kuku anachinjwa, na mama akiwa na kuku wakubwa kumi wanene uwanjani halafu anamwambia mgeni wake hawa siwezi kugusa, anaonekana mchoyo kijiji kizima. Usimuweke mtu kwenye hiyo hali. Hakikisha ana kienyeji wake pembeni wa wageni, wa Krismasi na wa msiba, na kama hana basi kwenye bajeti yako weka matetea mawili ya kienyeji yawe mali yake kabisa aanzie hapo. Nakuambia hiyo inaokoa kuku wengi kuliko mkataba wowote.

La pili ni mayai. Kuku wa wiki 80 hajaacha kutaga, amepunguza tu, na akishapumzika na kuota manyoya mapya anaweza kurudi vizuri kwa muda. Kwa maoni yangu mayai yote ni ya mtunzaji, ale, auze, shauri yake. Ndio malipo yake, na pia inakuondolea wewe kishawishi cha kuanza kudai treyi. Ila mkubaliane hamna kuwasha taa usiku ili watage zaidi, hawa wamekuja kupumzika.

La tatu, nani anaamua kuku akiumwa sana. Nitalirudia huko chini.

Kuwanunua na kuwasafirisha

Ongea na mfugaji mapema, wiki kadhaa kabla hajauza, maana siku ya kuuza akili yake yote iko kwa dalali anayechukua mia tatu na wewe unayetaka kumi ni usumbufu. Kuelekea Krismasi na Pasaka bei inapanda, ukiweza epuka hiyo miezi. Lipa bei ile ile ya dalali, usimpe zaidi kwa sababu una huruma, hutaki wafugaji waanze kuona kuku mzee ni biashara mpya. Muulize wamechanjwa nini na lini, wanakula chakula gani, na kama kuna ugonjwa wowote umepita humo bandani. Afisa mifugo wa kata mjulishe, hasa kama kuku wanatoka wilaya nyingine, akuambie utaratibu wa kibali cha kusafirisha.

Wachukue jioni giza likiingia, wanakuwa wametulia. Mshike kwa mikono miwili juu ya mabawa umkumbatie kifuani. Ule mtindo wa kushika miguu kichwa chini, kuku watatu mkono huu watatu mkono ule, usikubali kabisa, mifupa yao imenyonywa madini na mayai miezi yote hiyo na inakatika kama njiti. Bodaboda wa kuning'iniza kuku kwenye usukani naye hapana. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 na kuku naye ni mnyama. Tumia matenga ya plastiki, wawe na nafasi ya kukaa wote kwa pamoja, weka maranda chini.

Kama wanatoka mbali, tuseme Morogoro, kuna shida ambayo mtu wa bondeni haioni: Ruaha Mbuyuni ni joto la kuua, alafu unapanda mlima Kitonga na baada ya hapo ni upepo wa baridi mpaka unafika. Kuku asiye na manyoya mgongoni hawezi hayo mawili kwa siku moja. Safirini usiku, turubai upande wa mbele wa gari, nyuma paachwe hewa ipite.

Wiki za kwanza

Kuku aliyetoka kwenye keji ukimuweka kwenye nyasi mara ya kwanza hakimbii kufurahi kama unavyofikiria. Anasimama. Ananyanyua mguu mmoja anauacha hewani, kwa sababu miezi yote amekanyaga waya na sasa kuna kitu laini kinamgusa vidole. Kucha zake ni ndefu zimejikunja maana hazijawahi kuparua. Upanga umepauka na umelala upande mmoja, shingo iko uchi, kifua kiko uchi. Muache. Baada ya muda, mmoja wao atadonoa kitu, wengine watamuangalia, na kesho yake wako wawili watatu wanaparua.

Ila kabla ya nyasi, siku mbili tatu za mwanzo wakae ndani ya banda tu wajue hapa ndio nyumbani. Chombo cha maji wengine hawakijui, walizoea kunywa kwenye chuchu za bomba, kwahiyo chukua mdomo wa kuku uchovye kwenye maji taratibu, ncha tu, mara mbili tatu, akimeza ameshaelewa na wengine watamuiga. Wape chakula kile kile walichokuwa wanakula shambani, usibadilishe siku hiyo hiyo, changanya kidogo kidogo kwa wiki nzima.

Watenge na kuku wengine wiki mbili mpaka tatu. Hili watu wanalidharau, wanasema si wamechanjwa. Wamechanjwa, ila wanaweza kubeba mafua au taifodi ya kuku bila kuonyesha dalili, wakaua kienyeji wote wa mama wa watu na majirani zake. Viatu vya banda la wageni viwe tofauti, na ahudumie kienyeji wake kwanza, wageni mwisho. Muda ukiisha usiwachanganye ghafla, weka wavu katikati waonane siku kadhaa. Jogoo wa kienyeji asiwafikie mpaka manyoya ya mgongoni yamerudi, atawachana.

Jioni ndio kichekesho na ndio hatari. Hawajui kurudi ndani wala kupanda fito, wanajikusanya kwenye kona ya uwanja wanalaliana. Mtunzaji awabebe mmoja mmoja awaweke ndani kila jioni, wiki ya kwanza ya pili hivi, baadaye wanajua. Ukienda usiku ukapapasa gole (ule mfuko wa chakula chini ya shingo), liwe limejaa na halijawa gumu. Likiwa tupu huyo anafukuzwa kwenye chakula, ongeza chombo cha pili upande mwingine.

Manyoya yanarudi baada ya wiki kadhaa mpaka miezi, na yanatengenezwa kwa protini, kwahiyo kipindi hicho ongeza dagaa waliosagwa au mashudu ya alizeti. Huko nje kuna watu waliwahi kuwafumia kuku sweta. Jamani hapana, hata kama uko Makete. Sweta inamzuia kujichambua na manyoya machanga yanauma yakisuguliwa. Unachofanya ni kuziba upepo: maranda mengi, sentimita kumi na kuendelea, na mapazia ya viroba upande upepo unakotoka, juu acha wazi hewa itoke. Jiko la mkaa ndani ya banda lililofungwa linaua kwa hewa ya sumu. Na mchana wawe na kivuli, jua la mita 1,700 za Mbeya linaunguza ngozi iliyo uchi.

Kuhusu maranda sisi tuna bahati, Mafinga yapo tele. Chukua yale ya randa yaliyojikunja, sio unga wa msumeno unaoingia kwenye mapafu, na usichukue ya mbao au nguzo zilizotiwa dawa.

Chakula, na vitu vya kwetu vinavyoua

Endelea na chakula cha kutagia maana bado wanataga, na ganda la kila yai linachukua kama gramu mbili za kalsiamu. Weka na chombo cha pembeni chenye makombe yaliyosagwa ya chaza au konokono, anayehitaji atadonoa mwenyewe. Chokaa iwe ya mifugo, ukimtuma kijana dukani mwambie wazi, sio ile ya kupaka ukuta.

Mahindi huku ni mengi na baada ya mavuno yanakuwa rahisi, kwahiyo kishawishi ni kuwalisha mahindi na pumba tu. Watanenepa, watapata mafuta tumboni, watakufa. Mahindi yawe ya jioni, kiganja kimoja kwa kuku wawili watatu. Na yale yaliyoota ukungu ambayo mtu hawezi kula, msiwape eti ni kuku tu, sumukuvu inaharibu maini ya kuku vile vile.

Alafu parachichi. Rungwe na Njombe kila uwanja una mti, na majani, maganda na kokwa yake yana persini ambayo ni sumu kwa ndege. Uwanja wa kuku usiwe chini ya mparachichi, au basi yaokotwe kila asubuhi. Maganda ya viazi mviringo yaliyogeuka kijani nayo tupa kwingine.

Wezi wenye miguu na wenye mabawa: mwewe, kicheche, nguchiro, mbwa wa jirani. Kienyeji akiona kivuli cha mwewe anaingia kwenye kichaka, huyu wetu anatazama juu. Panda magugu marefu au weka meza za matete wajifiche chini yake. Wavu wa banda uchimbiwe chini, matundu madogo, na mlango ufungwe kila jioni bila kukosa. Upande wa Tukuyu na Kiwira ogopa siafu wakati wa mvua, wakiingia usiku kwenye banda lililofungwa asubuhi unakuta mifupa. Majivu kuzunguka banda, nyasi zifyekwe, na mtunzaji alale karibu kiasi cha kusikia kelele.

Chanjo na magonjwa

Kideri (Newcastle) ndio muuaji mkuu. Ile chanjo ya tone la jicho ya I-2 inarudiwa kila miezi mitatu, na chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, na ikishafunguliwa haitunzwi, kwahiyo wapange na majirani mchanje siku moja, hela ya chupa toa wewe mdhamini. Ni hela ndogo na inafanya kijiji kiwapende kuku wako. Dawa ya minyoo nayo kila miezi mitatu kwa wanaoparua nje. Muulize mtu wa duka la dawa za mifugo siku ngapi mayai yasiliwe baada ya dawa, na mtunzaji afidiwe hizo siku asije akauza.

Utitiri unajificha kwenye nyufa za fito mchana, unatoka usiku. Pitisha kitambaa cheupe chini ya fito saa tatu usiku, ukiona madoa mekundu wapo. Shimo la majivu na udongo mkavu wa kujigaragaza linasaidia sana, ila wakizidi tafuta poda ya dukani na upulize kwenye nyufa.

Yale yanayotokana na uzee wa kutaga huwezi kuyazuia yote: tumbo kuvimba maji au mayai kuharibikia ndani, anatembea amesimama wima kama bata, yai kukwama, nyama kutoka nyuma. Yai lililokwama, beseni la maji ya uvuguvugu nusu saa na mahali pa giza penye utulivu linaweza kutoka. Tumbo lililovimba mara nyingi halirudi.

Hapo ndio lile la tatu. Daktari wa mifugo akiitwa atadai zaidi ya bei ya kuku, kwahiyo amueni kabla: mpaka shilingi ngapi, na nani anasema basi. Mimi napendekeza mtunzaji awe na ruhusa kamili, asisubiri wewe ujibu simu wakati kuku anahema mdomo wazi. Akatishwe maisha haraka na mtu anayejua kuvunja shingo mara moja. Asiliwe kama alikuwa kwenye dawa au anaumwa, azikwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Wakifa wawili watatu kwa mpigo usizike kimya kimya, piga simu kwa afisa mifugo.

Picha na kuacha

Usidhamini kuku mmoja kwa jina. Najua jina ni tamu, Mama Neema, Bibi Kizee, lakini kuku mwenye jina akifa mtunzaji anaogopa kukuambia, na unaanza kutumiwa picha za kuku mwingine wa rangi ile ile, maana hawa wekundu wote wanafanana. Dhamini kundi, mvalishe kila mmoja pete ya plastiki ya rangi mguuni ili mhesabu, na mwambie wazi mtunzaji kwamba kifo sio kosa lake. Picha moja kwa mwezi ya wote wakila asubuhi inatosha, na hela itumwe tarehe moja isiyobadilika kwenye simu ya mtunzaji mwenyewe, sio ya mwanae wala ya jirani, na ya kutolea uiweke juu.

Nenda ukawaone bila kupanga sherehe, ukiweza mara moja kiangazi na mara moja mvua zikiwa zimechanganya, maana banda zuri la Agosti linaweza kuwa dimbwi Machi.

Ikitokea huwezi tena kulipa, toa taarifa miezi mitatu kabla na hiyo miezi mitatu uilipe. Tafuta mtu wa kukupokea, au mpunguze kwa kutopokea wapya mpaka waliopo wamalize muda wao. Mkikosa kabisa, mwachie mtunzaji kuku na chakula kilichobaki, wawe wake, aamue mwenyewe, na usimuulize aliamua nini.